Mfumo gani wa bure kwa kompyuta za okazi za watoto? Mwongozo kwa mafundi na walimu wa Lubumbashi

Kompyuta za okazi, yaani zilizokwisha kutumika, zinazoishia mikononi mwa watoto wa Lubumbashi huja kwa njia mbili: zimevuka mpaka wa Kasumbalesa ndani ya makatoni, au ofisi ya mjini imebadilisha vyombo na kutoa vya zamani. Nyingi bado zina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haizikubali: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inaanzia, isipokuwa chache, prosesa za kizazi cha 8. Ndiyo maana laptopu nzima kabisa yenye RAM ya GB 4 inaweza kuuzwa karibu na bei ya chuma chakavu. Linux, mfumo wa bure wenye matoleo mengi, inaifaa. Swali ni Linux ipi, na jibu halianzi kwenye picha nzuri za skrini. Linaanza na mashini iliyo dhaifu kuliko zote unazokusudia kubaki nazo, kwa sababu mashini zote zitapata mfumo uleule.

Mwongozo huu ni wa kundi la mashini 5 hadi 15, za shule, za parokia au za nyumba moja ya mtaani Katuba au Kampemba, na watoto wa miaka 5 hadi 12.

1. Pima kabla ya kuchagua

Tayarisha kle USB, ile ambayo wengine huiita flashi, yenye antiX ya biti 32, toleo jepesi la Linux. Inawaka karibu kwenye mashini yoyote, hata ile itakayokataa mifumo mingine. Iwashe bila kusakinisha chochote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), kisha andika majibu kwenye kipande cha skochi ya karatasi na ukibandike mgongoni mwa mashini.

`lscpu` inaonyesha prosesa. Tafuta mstari wa CPU op-mode. Ukiona 32-bit na 64-bit pamoja, mashini ni ya biti 64. Ukiona 32-bit peke yake, hali ya mashini hiyo tutaizungumzia chini.

`free -h` inaonyesha RAM.

`lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA,MODEL` inaonyesha diski. Safu ya ROTA ikiwa na 1, ni diski ya kuzunguka. Ikiwa na 0, ni SSD.

`sudo smartctl -a /dev/sda` ndiyo inayookoa muda. Angalia namba za mwisho kwenye mistari miwili: Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Wa pili ukizidi 0, diski hiyo isiende kwa mtoto. Wa kwanza ukiwa na namba ndogo, iandike, pima tena baada ya wiki moja ya matumizi. Ikiwa imepanda, toa diski. Fundi asiyepima hili hujikuta anasakinisha mfumo mara tatu akidhani Linux ndiyo mbovu.

Andika pia aina ya kibodi. Hapa kwetu kuna tatu, si mbili: QWERTY, AZERTY ya Ufaransa na AZERTY ya Ubelgiji. Mbili za mwisho zinafanana kwa herufi, lakini @ iko AltGr na 0 kwenye ya Ufaransa, na AltGr na 2 kwenye ya Ubelgiji. Soma alama zilizochapwa kwenye kitufe cha 2 na utajua.

Mwisho, washa memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye kle na uiache imalize duru moja nzima. Mistari myekundu ikitokea, chomoa RAM, sugua meno yake taratibu kwa gome ya kufutia penseli, rudisha, pima kijiti kimojakimoja. RAM mbovu hujificha: usakinishaji unakwama kwenye asilimia tofauti kila mara, au programu zinajifunga bila sababu.

2. Tengeneza chuma kwanza

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu kwa kila mashini, fikisha RAM kwenye GB 4. Ikiwa tayari inazo, nunua SSD ya GB 120 au 128. Mpangilio huu usiugeuze: SSD kwenye mashini ya GB 1 bado itakwama ukifungua kurasa tatu za intaneti, ila itakwama haraka zaidi.

Angalia aina ya RAM kabla ya kwenda sokoni. DDR2 haiingii kwenye nafasi ya DDR3, mkato wake uko mahali pengine. Mtego uko kwenye DDR3 na DDR3L: zinaingia sawasawa, lakini DDR3 ya kawaida inataka volti 1.5 na laptopu nyingi za kuanzia 2013 hutoa volti 1.35 tu. Ukichomeka isiyo yake, skrini inabaki nyeusi na mtu anadhani ubao mama umekufa. Nenda na kijiti cha zamani mkononi, muuzaji aone lebo.

Badilisha betri ya saa, CR2032, kwenye kila mashini hata kama ya zamani inaonekana nzima. Ni kitu kidogo chenye madhara makubwa: betri ikiisha, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka mingi nyuma. Matokeo yake, Firefox inasema kila tovuti si salama, na `apt`, amri ya kusakinisha programu, inakataa kupakua ikidai faili la Release bado halijaanza kutumika. Watu hubadilisha mfumo mzima kwa kosa la betri.

Vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba udongo mwekundu unaingia kila mahali, na feni za laptopu huziba kama zimepakwa simenti. Fungua, shika feni kwa kidole isizunguke, ndipo upulize. Ikizungushwa na upepo mkali, beringi zake huumia. Pasta ya joto iliyokauka ikwangue, isafishe kwa alkoholi, weka tone la ukubwa wa punje ya mchele.

Kompyuta za mezani za Pentium 4 ziache, hata ukipewa bure. Prosesa peke yake inaweza kula wati 80 na zaidi, ilhali laptopu nzima inatumia 20 hadi 40. Kwa nyumba inayotegemea paneli ya jua au grupu (jenereta), tofauti hiyo ndiyo saa za masomo zenyewe. Laptopu yenye betri inayoshika hata dakika 15 pia hailemazwi na delestaji, mgao wa umeme.

3. Uchaguzi wenyewe

Kundi lako lote likiwa la biti 64 na RAM ya GB 4 au zaidi, chagua Linux Mint yenye mandhari nyepesi ya Xfce. Matoleo ya 22 yamejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na yanahudumiwa hadi 2029. Menyu yake iko chini kushoto, jambo ambalo mwalimu aliyezoea Windows halihitaji kufundishwa, na ukipata tatizo, fundi yeyote wa mjini aliyewahi kugusa Ubuntu ataelewa pa kuanzia. Sababu hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana: mfumo mzuri usiojulikana na mtu yeyote karibu nawe ni mfumo utakaofutwa siku ya kwanza ukigoma.

Mashini ya kati, biti 64 na RAM ya GB 2, ndiyo inayowasumbua wengi. Mint yenyewe inasema GB 2 ndicho kiwango cha chini, na kweli itawaka. Fungua Firefox, LibreOffice na mchezo mmoja, utasikia diski ikilia. Hapa chukua Emmabuntüs, na uchague mandhari ya LXQt. Imetengenezwa Ufaransa mahususi kwa kompyuta zinazokarabatiwa, ikianzia kwenye jumuiya za Emmaüs, nayo inakaa juu ya Debian. Inakuja na programu nyingi za watoto tayari ndani, na Kifaransa chake ni kamili. Kwa mahali ambapo mega za intaneti zinanunuliwa kidogokidogo, kuwa na programu ndani ya faili la kwanza ni faida kubwa.

PrimTux pia ni ya Wafaransa, ya walimu wa shule za msingi, na ni nzuri kwa watoto wadogo kuliko zote tulizotaja. Ina vikao tofauti kwa umri: Mini kwa wale wa chekechea, Super kwa wanaoanza kusoma, Maxi kwa wakubwa wao, na Prof kwa mwalimu, kila kimoja na programu zake na rangi zake. Ichague ikiwa mashini zitakaa darasani na mwalimu yupo. Kwa nyumba ambako dada mkubwa anaandika barua ya kuomba kazi kwenye mashini ileile, utakuwa unahangaika.

Mashini ya GB 1, au ya biti 32, ipe antiX. Ni nyepesi sana, haina urembo. Ila ujue unachokubali: Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, na Firefox iliacha Linux ya biti 32 kuanzia toleo la 145. Mashini hiyo ni ya kuchora, kuhesabu na kuandika nje ya mtandao. Ukiwa na mashini tisa za GB 4 na moja ya GB 1, usishushe kundi zima kwa ajili yake. Itoe, chukua skrini, kibodi na chaja viwe vipuri.

Majina mengine utayasikia. Edubuntu inavutia kwa jina, lakini inakuja na mandhari ya GNOME, nzito kwa vyombo hivi. Endless OS ina maktaba nzuri ya kusoma bila intaneti, ila faili lake kamili ni kubwa mno na ndani yake `apt` haifanyi kazi, kwa hiyo hatua nyingi za hapa chini hazitakufaa. Debian Edu, iliyozaliwa Norway kwa jina la Skolelinux, ni ya shule yenye seva na mtandao wa nyaya. Kwa laptopu sita ni kuchimba msingi wa ghorofa ujenge banda la kuku. ChromeOS Flex ni ya bure kwa bei tu, na imejengwa kwa kazi za kwenye intaneti.

Kuhusu lugha: sakinisha kwa Kifaransa. Kiswahili kwenye Linux kipo, lakini ni viraka. Menyu moja Kiswahili, inayofuata Kiingereza, na mtoto anabaki katikati. Tangu 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, tumejua kwamba inawezekana. Mfumo mzima bado haujafika huko.

4. Pakua mara moja, hakiki mara moja

Faili la ISO la Mint, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja, lina karibu GB 3. Pakua mahali penye mtandao imara, si kwa mega za simu, kisha kabla ya kuondoka endesha `sha256sum` kwenye faili hilo na ulinganishe na mstari uliochapishwa kwenye tovuti ya mfumo. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani, pakua tena. Kurudi Ruashi na faili bovu ni safari bure.

Kwenye kle ya GB 32, weka Ventoy. Baada ya hapo unanakili ISO kama unavyonakili picha, na zinakaa pamoja: Mint, Emmabuntüs, antiX, na Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Kuiweka Ventoy kunafuta kila kitu kwenye kle.

5. Jaribu bila kugusa diski

Vitufe vya kuchagua kle wakati wa kuwasha: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Kle isipoonekana, ingia BIOS (mipangilio ya mashini kabla ya mfumo kuwaka) uzime Secure Boot. Tazama pia kama mashini iko kwenye UEFI au Legacy, njia mpya na ya zamani ya kuwasha mashini, uandike kwenye skochi. Itakuhusu kwenye hatua ya 8.

Ndani ya mfumo wa majaribio, kagua mambo manne: Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, na kufunga kifuniko kisha kukifungua. Skrini ikiwa nyeusi kabla ya kufika popote, washa upya, bonyeza `e` kwenye menyu ya kuwasha, ongeza neno `nomodeset` mwishoni mwa mstari wa linux, bonyeza F10. Wi-Fi ikikosekana, mara nyingi ni kadi ya Broadcom. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, kisha sakinisha dereva kutoka hapo.

6. Kusakinisha

Diski ya okazi inaweza kuwa na karatasi za mtu. Kwa diski ya kuzunguka, `sudo shred -v -n 1 /dev/sda` inaandika juu ya kila kitu. Acha usiku kucha, na hakikisha mara mbili kwamba sda si kle yako.

Chagua kufuta diski yote. Kwenye eneo la saa, bonyeza Lubumbashi, si Kinshasa. Tuko saa moja mbele yao, na visakinishi hupenda kupendekeza mji mkuu. Kwenye kibodi, chagua ile uliyoiandika kwenye skochi na ujaribu @ kwenye kisanduku cha majaribio. Neno la siri la fundi lisiwe na a, q, z, w, m, namba wala alama. Hizo ndizo zinazohama kati ya QWERTY na AZERTY, na neno lililoandikwa kwa mpangilio mmoja halifunguki kwa mwingine.

Akaunti ni mbili. Ya kwanza, inayoundwa na kisakinishi, ni ya fundi. Ya pili iunde baadaye: `sudo adduser mtoto`. Usiiongeze kwenye kundi la sudo, la wenye ruhusa ya kubadilisha mfumo. Weka mashini ijifungue yenyewe kwenye akaunti ya mtoto. Wa miaka 6 asihangaike na neno la siri.

Kisha mambo mawili ya kiufundi kwa Mint na Emmabuntüs. Sakinisha `zram-tools`, fungua `/etc/default/zramswap`, weka `ALGO=lz4` na `PERCENT=50`. Inabana sehemu ya RAM badala ya kukimbilia diski, na mashini ya GB 2 inapumua. Pili, kwenye `/etc/default/grub`, ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza `fsck.repair=yes`, kisha `sudo update-grub`. Bila hiyo, umeme ukikatika vibaya mashini inaweza kusimama kwenye skrini nyeusi yenye neno initramfs ikisubiri mtu. Ikitokea hata hivyo, andika `fsck -y /dev/sda1`, ukiweka namba ya sehemu iliyotajwa kwenye ujumbe, halafu `exit`.

7. Programu za watoto

`sudo apt install gcompris-qt tuxpaint tuxpaint-stamps-default tuxmath tuxtype klettres kturtle kiwix`

GCompris ndiyo nguzo: zaidi ya shughuli 100, kuanzia kushika kipanya hadi kusoma saa. Ina tatizo moja ambalo huonekana siku ya kukabidhi. Sauti za Kifaransa haziji zote na programu. Hupakuliwa mara ya kwanza na kuwekwa kwenye folda fiche ya `.cache` ya akaunti iliyopakua. Ukipakua ukiwa fundi, mtoto hatasikia kitu. Ingia kama mtoto, fungua mipangilio, pakua sauti za lugha hapo hapo. Ikienda polepole au kuonyesha skrini tupu kwenye kadi ya picha ya zamani, iwashe kwa `gcompris-qt --software-renderer`.

Kwa kusoma bila mtandao, Kiwix na faili la Vikidia ya Kifaransa, ensaiklopedia ya watoto wa miaka 8 hadi 13. Pakua faili la zim mara moja, nakili kwa kle kwenye mashini zote.

Kama intaneti ipo, weka DNS (kitabu cha anwani za intaneti) ya 1.1.1.3 kwenye ruta. Inazuia tovuti za utupu na za virusi. Kaka mwenye simu yake ataizunguka. Kwa wadogo inatosha.

Mambo yakikaa sawa, hifadhi sura ya akaunti ya mtoto: `sudo tar -czpf /opt/mtoto.tgz -C /home mtoto`. Siku paneli itakapopotea na ikoni zote kuwa nyeusi, toka kwenye akaunti ya mtoto, ingia kama fundi, futa `/home/mtoto` na urudishe kwa `sudo tar -xzpf /opt/mtoto.tgz -C /home`. Kabla ya kufuta, nakili `.tuxpaint/saved`. Humo ndimo michoro ilimo, na hakuna mtoto atakayekusamehe.

8. Mashini nyingine zote

Usirudie haya mara kumi. Chagua mashini yenye diski ndogo kuliko zote iwe mama, yaani ile ambayo picha (nakala) ya diski yake itamwagwa kwenye nyingine kwa Clonezilla, kwa sababu Clonezilla kwa kawaida haikubali kumwaga diski kubwa ndani ya ndogo. Picha iliyotoka kwenye UEFI haitawaka kwenye mashini ya Legacy; hapo ndipo skochi inalipa.

Baada ya kunakili, kila mashini ipewe jina lake: `sudo hostnamectl set-hostname kompyuta-03`, na ubadilishe jina hilohilo kwenye `/etc/hosts`, la sivyo kila `sudo` italalamika. Kisha futa `/etc/machine-id` na `/var/lib/dbus/machine-id`, endesha `sudo systemd-machine-id-setup`. Mashini zenye kitambulisho kimoja zinaweza kunyang'anyana anwani kwenye mtandao.

Kwa masasisho, sakinisha `apt-cacher-ng` kwenye mashini moja. Kwenye nyingine, tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy` lenye mstari `Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";` ukiweka anwani ya mashini ile. Kila kifurushi kinapakuliwa mara moja, kumi wanakula. Mashini ikienda kukaa kwa familia, futa faili hilo kwanza, maana huko `apt` itaitafuta anwani isiyokuwepo na kugoma.

Kwenye mgongo wa mashini iliyo tayari, ng'oa skochi ya karatasi ubandike lebo ngumu: jina la mashini, mfumo na toleo, aina ya kibodi, UEFI au Legacy, aina ya RAM, tarehe ya CR2032. Neno la siri la fundi lisiandikwe hapo. Likae kwenye daftari la mwalimu au la mama mwenye nyumba, pamoja na kle yenye ISO ileile iliyotumika.